Bila Hatamu, Bila Vikuku

Mara ya kwanza Gharib alipoanguka, Shamsia hakumsogelea. Alibaki palepale katikati ya duara, kamba ndefu mkono wa kushoto, mjeledi mkono wa kulia, akimtazama mwanamume wa kilo tisini akijikusanya kutoka mchangani kipande kwa kipande. Farasi alisimama naye. Jina lake Doufu, yaani jibini la soya kwa Kichina, kwa weupe wake na ulaini wa tabia. Mzee wa miaka kumi na tisa aliyekimbia mashindano ujanani, na sasa kazi yake ni kuwazungusha watu wasiojua kitu. Masikio yake yote mawili yalimwelekea Shamsia, akingoja kuambiwa kosa ni la nani.

"Panda," Shamsia akasema.

"Ngoja nipate pumzi, mwalimu."

"Pumzi utaipata juu."

Gharib akacheka, akatema mchanga. Bado aliamini kwamba lile lilikuwa somo.

Na kwa nini asiamini? Somo la kamba ndivyo lilivyo. Mwanafunzi mpya hapewi hatamu. Hatamu hupigwa fundo zikalazwa shingoni mwa farasi. Vikuku vya kukanyagia huvushwa mbele ya tandiko, miguu ikaning'inia mitupu. Mwalimu husimama katikati na kumzungusha farasi kwa kamba ya mita nane, na aliye juu hana la kushika ila roho yake. Hutakiwa akunjue mikono, afumbe macho, ainame aguse kidole cha mguu, mpaka kiuno kijifunze kukaa bila msaada wa vidole. Mwendo, kusimama, kugeuka, vyote viko kwa yule wa katikati. Mtu humwamini mwalimu wa kamba kuliko daktari. Daktari akikukata, walau umelala.

Gharib alikuwa na duka la viatu ghorofa ya nne pale Tianxiu Dasha, jengo la wafanyabiashara huko Guangzhou, China, na alikuwa na harusi Dar es Salaam mwezi wa Disemba. Mchumba wake, Swalha wa Ilala, alitaka bwana aje na farasi mweupe mpaka mlangoni, na mpiga video ameshaonyeshwa mtaa. Katika Guangzhou nzima mwalimu wa farasi anayesema Kiswahili alikuwa mmoja tu. Shamsia alijifunza kazi hiyo kwa farasi wa watalii kule Paje, kabla kaka yake Pandu hajamleta huku amsaidie kufunga mizigo. Mizigo ilimchosha upesi. Farasi akawapata Nansha, mwisho wa reli, nyuma ya mashamba ya migomba, kwenye kituo cha laoban mmoja, bosi wa Kichina asiyeuliza mtu ametoka wapi madhali farasi wake hawaguswi vibaya.

Jumapili nne Gharib alikuja, na Jumapili nne Shamsia alimfundisha sawasawa, akamnyoosha mgongo, akamwambia "vizuri, kaka". Hii ilikuwa ya tano. Laoban alikwenda kula mchana na wateja, na kituo kizima kilibaki na watu wawili na farasi kumi na mmoja. Siku kama hiyo ndiyo aliyokuwa akiivizia.

Gharib alipanda kwa taabu, akakaa, akajipangusa goti.

"Mikono mbali," Shamsia akasema. "Mbali zaidi. Hukumbatii mtu hapo."

Akapiga ulimi, na Doufu akaingia telki, ule mwendo wa kumdunda mpanda mpaka meno yagongane. Kamba ilikaza. Vumbi la mchanga lilianza kuchora duara lake la kawaida.

"Kaka Gharib, kogwa ya mwaka huu unaikumbuka?"

Mgongo wa Gharib ulikakamaa. Kisha akajichekesha. "Niisahau vipi? Wewe uliniimba. Uliniambia nina miguu kama miko ya kusongea ugali."

"Ilinitoka moyoni."

"Watu waliicheka wiki nzima. Hata mimi."

"Ndani ya bua mlikuwa na nini?"

Doufu alipita mbele ya mabanda, akapita mbele ya geti, akarudi tena.

Wote, Shamsia, Pandu na Gharib, ni watu wa Makunduchi, na mtu wa Makunduchi hapendi kuuingia mwaka mpya na kinyongo. Kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hugawana pande mbili wakapigana kwa mabua ya migomba mpaka hasira ziwatoke, na wanawake husimama pembeni wakiwaimbia matusi ya kuchekesha. Bua la mgomba ni maji na nyuzi, linauma, halivunji. Mkimaliza mnakula pamoja, na lililotokea uwanjani halifuatwi nje ya uwanja, si kwa polisi wala kwa mama mzazi. Julai hiyo watu kumi na wawili wa Makunduchi walioko Guangzhou waliamua kuifanya hukuhuku Nansha, shambani kwa mkulima aliyewauzia migomba akidhani wanataka kuipika. Pandu na Gharib walikuwa na lao. Pandu, wakala wa mizigo, alimwambia mteja mmoja wa Kikongo, mama Émérance, kwamba viatu vya Gharib vikilowa vinafumbuka kama kinywa cha mamba. Maneno yalifika dukani kwa Gharib kabla mama Émérance hajashuka ngazi. Kwa hiyo zamu yao ilipofika waliachiwa uwanja wawili.

Gharib alimpiga Pandu pigo moja la usoni ambalo halikutoa sauti ya mgomba. Lilitoa sauti ya nazi. Mfupa wa shavu uliingia ndani, na jicho la kushoto, baada ya madaktari kulihangaikia siku tisa, likafa.

Wenzake walimkimbilia aliyeanguka. Shamsia alilikimbilia bua. Alilikuta limepasuka, na ndani yake, katikati ya unyevu, kulikuwa na kipande cha nondo urefu wa mkono. Alimpelekea Pandu habari ile kitandani, bendeji bado zinavuja. Pandu akamshika kifundo cha mkono akambana. "Kitupe mferejini. Usimwambie mtu. Yaliyopita uwanjani yamepita."

Nondo aliitupa. Hasira alirudi nayo nyumbani.

Miezi minne alikaa nayo. Alimwona kaka yake akimimina chai nje ya kikombe kwa kuwa umbali haupimi tena. Alimwona akijigonga bega kwenye mlango uleule alioupita miaka sita. Alimwona Gharib akiingia ofisini, akivuta kiti, akisema "Pandu, mwenzangu", na Pandu akimcheka kwa nusu ya uso iliyobaki inacheka. Halafu siku moja Gharib huyohuyo akamjia yeye na kofia mpya ya kupandia farasi, uso mkavu, akasema Jumapili ana nafasi.

Shamsia hakutaka kumuua. Alitaka aseme. Aseme kwa kinywa chake kwamba aliingia uwanjani na chuma, kisha akaseme hivyohivyo mbele ya watu wa Makunduchi, na Pandu aache kuchekeana na mtu aliyemtoboa.

"Nimekuuliza, kaka."

"Kogwa haizungumzwi," Gharib akasema, sauti ikidunda na tandiko. "Na wewe si mgeni. Unajua."

"Mikono inashuka."

"Nishushe mimi mwenyewe basi. Leo hatusomi."

"Mkono ukishuka naongeza mwendo."

Mkono ulishuka. Shamsia akapiga ulimi mara mbili, na Doufu, mtiifu kama kawaida yake, akatoka kwenye telki akaingia shoti. Duara la mita nane ni dogo kwa shoti. Farasi alilala upande wa ndani, na Gharib, asiye na hatamu wala vikuku, akachukuliwa upande wa nje. Akaangukia nywele za shingo kwa mikono miwili. Kofia ilimshukia puani.

"Shamsia! Simamisha mnyama wako!"

"Mlikuwa na nini?"

"Nakuambia simamisha!"

"Nikusimamishie? Pandu alipopiga magoti ulisimamisha?"

Mzunguko wa tatu. Wa nne. Goti la Gharib lilikuwa limepanda juu ya tandiko, hajui tena lipi la kushoto lipi la kulia. Ndipo alipogeuza uso, jasho na mchanga vimemchora, akamtupia maneno kama mtu anayetupa jiwe lake la mwisho. "Kaka yako ni mwanamume, kanyamaza. Wewe nani? Wewe ni wa kuimba pembeni. Kaimbe."

Katika miaka miwili ya kazi, mjeledi wa Shamsia haujawahi kuigusa ngozi ya Doufu. Mjeledi wa kamba ni wa kuonyesha, kama kidole. Unauelekeza nyuma ya miguu yake, naye anaelewa. Sasa aliuvuta nyuma ya bega akaushusha kwa nguvu zake zote ubavuni mwa farasi mzee.

Doufu alitoa mlio ambao Shamsia hakujua kama anao. Akaruka, mgongo ukapinda juu, miguu minne ikatoka ardhini kwa pamoja, na aliposhuka Gharib hakuwa naye. Gharib alikuwa anaruka peke yake. Alikwenda kuuvaa uzio kwa mkono wa kulia, ubao ukapasuka, na si ubao tu.

Shamsia aliiachia kamba akaenda. Mkono wa Gharib ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Aliukumbatia kifuani, akavuta pumzi kupitia meno, akajaribu kusimama. Na alipoiona ile sura inayomjia, akamrushia teke. Teke lilimpata Shamsia nyonga, akayumba. Gharib akainuka nusu, akampiga kofi la mkono wa kushoto lililomfungua mdomo. Mkono wa viatu huo, mpana kama soli. Shamsia alionja damu, na damu ikamkumbusha kazi aliyoijia.

Akampiga mjeledi mgongoni. Akampiga tena, shati likachanika. Gharib akaanguka kifudifudi juu ya mkono uliovunjika, akalia kilio kirefu cha mnyama. Akampiga wa tatu.

"Nondo!" Gharib akapiga kelele. "Mlikuwa na nondo! Basi!"

"Nani aliitia?"

"Niache."

Wa nne. "Nani aliitia, Gharib?"

"Kamuulize mwenye bua!"

"Mwenye bua si wewe? Mimi nilikuona. Watu kumi walikuona. Ulilishika mikono miwili ukamshushia."

Gharib aligeuza shavu mchangani, akamtazama kwa jicho moja, jingine limefunikwa na damu ya kwenye paji. Alipozungumza hakupiga kelele tena.

"Langu lilikatika. Pigo la pili tu, likanibakia uji mkononi. Ulikuwepo, ukaimba: Gharib kashika mlenda. Nikamrukia Pandu, tukaviringishana chini kwenye majani asione mtu, nikamnyang'anya lake."

Mjeledi ulisimama hewani.

"Nikaliona zito. Katika hasira ile mtu anapima uzito? Nikapiga. Lilikuwa la Pandu bua lile. Nondo ile alinitilia mimi."

"Mwongo."

"Basi mimi mwongo. Nimalize."

Hakummaliza. Kuna jambo ambalo macho yake yaliliona siku ile kule shambani na yeye akalizika kabla halijafika kichwani. Kitako cha bua kilizungushiwa tepu ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, ili chuma kisiteleze kutoka. Na mwisho wa tepu ulikunjwa kwa ndani, pembetatu ndogo kama sikio la paka. Wafunga mizigo wote wa mtaa wetu wa Xiaobei hukata tepu kwa meno wakaendelea. Pandu peke yake hukunja. Humgombeza kila anayeajiriwa: mwenzako kule bandarini aifungue kwa kucha? Shamsia mwenyewe amekunja masikio ya paka maelfu. Alilishika lile moja kwa vidole vyake, lililolowa maji ya mgomba, akalitupa mferejini pamoja na nondo, akaapa kulipiza.

Akaketi mchangani. Doufu alikuwa amesimama upande wa pili wa duara, kamba inaburuta, mwili unamtetemeka. Alama ya mjeledi ilivimba ubavuni mwake, ndefu, nyekundu juu ya weupe. Laoban akirudi ataiona, atamfukuza, na atakuwa na haki.

"Kwa nini hukusema?" akauliza.

"Nimwambie nani? Jicho nimelitoa mimi. Kwa mkono huu." Akauangalia mkono ule uliopinda, kama si wake. "Kisha nipite ofisi kwa ofisi nikisema mwenyewe kayataka? Nilikwenda hospitali, nikamwambia: Pandu, wewe umepoteza jicho, mimi napoteza ulimi, tumalizane. Akalia. Kwa jicho moja akalia. Makunduchi wakisikia mtu kaingia kogwa na chuma, atarudi kwao na uso gani?"

"Na kuja kwangu?"

"Kaniambia yeye. Nilimwambia dada yako ananitazama kama anataka kunila. Akasema nenda tu, akikuzoea zitampoa."

Shamsia akacheka, au kitu kilimtoka kinachofanana na kicheko. Kaka yake alijua moto uko wapi, akamtuma Gharib akauzime kwa makalio yake. Miezi minne Pandu alimwacha alale na chuki isiyo yake, amwekee dawa jichoni, amlaani mtu asiyehusika, naye kimya, akinywa chai iliyomwagika.

"Inuka," akasema.

"Niitie gari. Mkono huu unaniua."

"Gari litakuja. Inuka kwanza."

Akamshika kwapa la mkono mzima akamsimamisha. Akatoa mtandio wake shingoni, akaufunga mkono uliovunjika kifuani mwake, akakaza fundo bila huruma na bila ukatili, kama anavyowafunga farasi. Kisha akauokota mjeledi akamshikisha Gharib mkono wa kushoto.

"Hii nini?"

"Nimekupiga bila haki. Wewe mtu wa kwetu, unajua pigo huenda na kurudi. Bua sina, na mimi si mwanamume. Nina kazi hii tu."

Akamwendea Doufu polepole, akiwa amegeuza bega, macho chini, kama anayeomba. Farasi alirudi nyuma hatua mbili. Shamsia akasimama. Akangoja, muda ambao Gharib alitapika na kumaliza. Doufu akanyoosha shingo, akamnusa mkono, akaukubali, na kukubaliwa kule kulimuuma Shamsia kuliko kofi. Akachomoa kamba. Uzio ni wa duara, mnyama hana pa kwenda, kamba haina haja. Hatamu zilikuwa bado na fundo, vikuku bado vimekunjwa mbele ya tandiko. Akapanda hivyohivyo. Akakunjua mikono.

"Haya."

"Wazimu wewe," Gharib akasema. "Shuka."

"Hutaki au hujui?"

Ile ilimgusa. Gharib alikokota miguu mpaka katikati, mjeledi ukiburuta, akasimama mahali alipoona mwalimu wake akisimama, akapiga ulimi. Doufu alimtazama. Akapiga tena, akarusha mjeledi hewani vibaya, ukamrudi mwenyewe mguuni. Doufu akageuka kumkabili, akasimama tuli.

"Umemzibia njia," Shamsia akasema kutoka juu. "Umesimama usawa wa bega. Farasi hatembei ukiwa mbele ya bega, anadhani umemwambia simama. Rudi nyuma. Nyuma tena, usawa wa paja."

Gharib akarudi.

"Sasa kitovu chako kitazame nyonga yake. Si uso, kitovu. Mjeledi shusha, uelekeze kwenye visigino vyake vya nyuma. Usimpige yeye. Yeye hajafanya kitu. Piga mchanga nyuma yake, atakwenda."

"Utaanguka."

"Ndiyo maana nakufundisha."

Kitu kilibadilika usoni mwa Gharib. Labda ni yale maumivu yaliyokuwa yakitafuta pa kutokea. Labda alimwona Pandu kule juu, pua ileile, ukaidi uleule. Akauinua mjeledi kwa mkono wake wa kushoto, akaupiga mchangani nyuma ya farasi, pa, na Doufu aliyekuwa bado na hofu mwilini akaondoka kwa shoti moja kwa moja, bila telki, bila salamu.

Mzunguko wa kwanza Shamsia alikaa. Kiuno chake kinajua kazi. Wa pili Gharib aliupata mdundo, akawa anageuka naye, na kila pigo la mchangani alilisindikiza kwa neno. "Miezi minne!" Pa. "Nimeitwa mtoboa macho!" Pa. "Mimi! Na mama yake Swalha!" Pa. "Kaniuliza kwenye simu kama napiga watu!" Doufu akanyoosha shingo, mbao za uzio zikawa mstari mmoja. Mikono ya Shamsia ilikuwa bado imekunjuliwa. Vidole vilimwasha kutaka nywele za shingo, tandiko, chochote. Akaviamuru vibaki hewani. Mzunguko wa tano misuli ya mapaja ikaanza kuungua. Wa saba mguu mmoja ukapoteza farasi. Aliiona ardhi ikimwinamia na hakuukunja mkono kuizuia.

Aliangukia bega. Alisikia kitu kikitoka mahali pake, na ulimi wake ukajikuta katikati ya meno. Mbingu ya Nansha ilizunguka mara moja na nusu ndiyo ikatulia. Doufu alijisimamisha mwenyewe karibu na geti, akahema.

Hatua za Gharib zilikuja. Akasimama juu yake, mjeledi ungali mkononi. Shamsia akamtazama, akatema damu pembeni ili isije ikamrukia.

"Umeridhika?"

Gharib alifikiri kweli, kama ameulizwa bei. "Sijaridhika," akasema. "Nimechoka." Akauachia mjeledi. Akaketi mchangani kando yake, kwa uzito.

"Simu yako nzima?" akauliza baadaye.

"Farasi kwanza."

Iliwachukua karibu nusu saa. Shamsia alikuwa na mkono mmoja na Gharib alikuwa na mmoja. Shamsia alimwambia Gharib afungue mkanda wa tandiko huku yeye ameliegemea lisimwangukie mnyama mguuni. Alimpapasa Doufu miguu yote minne akitafuta joto, akamfungua kinywa, akaiosha ile alama ubavuni kwa maji ya bomba, na kila maji yalipoigusa farasi alishtuka, na kila aliposhtuka Shamsia aliomba radhi kwa Kiswahili. Gharib alishika ndoo. Hakusema kitu cha kuchekesha hata kimoja.

Ndipo Shamsia alipokaa kwenye kizingiti cha banda na kumpigia kaka yake. Simu iliita mara mbili. Nyuma ya sauti ya Pandu tepu zilikuwa zinavutwa, wafunga mizigo wako kazini.

"Shamsia. Mwanafunzi wako anaendeleaje?"

"Amevunjika mkono."

"Kaanguka?"

"Nimemwangusha. Kisha nimempiga mjeledi, mara nne, yuko chini."

Tepu nyuma yake iliendelea kuvutwa. Mtu aliuliza kitu kuhusu boksi.

"Kasema kitu?"

"Kasema kweli."

Pandu hakuuliza kweli gani. Shamsia alisubiri aulize. Aliiweka simu sikioni, damu ikimkaukia kidevuni, akampa muda wa mtu kuuliza swali hilo mara kumi.

"Nakuja na gari la mizigo," Pandu akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta. "Geti lenu jembamba, halipiti. Mtaweza kutembea mpaka barabarani?"

Shamsia alimtazama Gharib aliyeegemea ukuta wa banda, macho ameyafumba, mkono wake umefungwa kwa mtandio.

"Hapa hatembei mtu," akasema. "Liache gari barabarani. Uingie wewe, kwa miguu."